Watoto Hawachoki, na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Mtoko wa Familia Mjini

Saa nane mchana, kwenye ngazi za jumba moja la makumbusho, nilimkuta baba mmoja kajiinamia. Mkono wa kushoto ramani, mkono wa kulia kiatu kimoja cha mtoto. Cha pili hakijulikani kilipo. Mwenye kiatu, wa miaka mitatu hivi, kalala chali sakafuni analia kilio cha kutikisa dari. Dada yake kanuna, kaipa familia mgongo. Mama kaenda kusaka choo na kichanga. Yule baba aliponiona nami nakokota wangu wawili, aliinua ramani akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha: "Bado vyumba kumi na vinne."

Sikumcheka. Nimeshakuwa yeye mara nyingi tu. Aghalabu mtoko wa familia mjini huwa umeshaharibika kabla hatujafunga mlango wa nyumba, kwa sababu ya mambo tunayoyaamini bila kuyapima.

"Tumeshafika, basi tuone kila kitu"

Huu ndio mzizi wa mengine yote, na wenye tamaa ni sisi wakubwa. Chukua jumba la Louvre mjini Paris. Kazi zilizowekwa wazi kwa wageni humo zinazidi 30,000. Utafiti uliofanywa katika jumba la Metropolitan la New York na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba mtu husimama mbele ya kazi moja kwa wastani wa sekunde 27. Piga hesabu: kwa mwendo huo, kuimaliza Louvre kunataka saa 225, yaani siku tisa na ushei bila kulala, bila kula, bila kumpeleka mtu chooni. Nawe umekuja na saa tatu na mtoto wa chekechea.

Uchovu wa makumbusho ni kitu cha kweli, na una umri mrefu. Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la Museum of Fine Arts la Boston, aliuandikia makala mwaka 1916. Aliweka humo picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kupinda shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya kabatini. Huyo alikuwa mtu mzima. Mtoto hupata taabu ya upande wa pili: anashinda kutwa amesimama kwa ncha za vidole.

Mimi siku hizi nachagua vitu vitatu tu. Viwili wanachagua wao, kimoja changu, na changu nakiweka mwanzo, maana baadaye sina hakika kama nitakiona. Tukimaliza mapema na watoto bado wana hamu, tunaondoka na hamu yao hivyo hivyo. Mtoto aliyetolewa mahali angali anapataka ndiye atakayekuganda wiki nzima akitaka mrudi.

"Makumbusho ni ya wakubwa"

Jumba la makumbusho lililoanzishwa kwa ajili ya watoto lipo tangu mwaka 1899, huko Brooklyn, na aina hiyo imeenea miji mingi. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, mahali ambapo mgeni anatakiwa aguse, azungushe na apulize ili aone sayansi inavyofanya kazi. Lakini tuseme mji wenu hauna la namna hiyo. Mna lile la kawaida tu, lenye vigae vya kung'aa na mlinzi mwenye macho makali. Nalo linafaa, ukiacha kumfanya mtoto mwanafunzi.

Kosa letu ni kusoma vibao kwa sauti. Mtoto wa miaka mitano hana shida na karne. Ana shida na jambo moja: huyu mnyama kwenye picha mbona ana uso wa mtu? Mwachie hilo swali. Mwambie atafute mbwa wote waliomo chumbani, au miguu isiyo na viatu, au mtu aliyekasirika kuliko wote. Ukimkuta mbele ya picha ya Mona Lisa, ambayo ina urefu wa sentimita 77 na upana wa 53 tu, mwache akunjue mikono akadirie kwa mbali. Watoto hucheka wakigundua kwamba kitu kinachosukumiwa na umati wote ule kinaweza kupita mlango wa kabati la nguo.

Kisha fanya hivi, hata kama watu watakushangaa: chuchumaa hadi macho yako yawe usawa wa macho yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mbele ya kabati la sarafu za kale, sikuona sarafu hata moja. Niliona mwako wa taa kwenye kioo, na magoti ya watu. Nilikuwa nimemgombeza kwa dakika nzima kwamba hatazami.

Jambo dogo la kazi: makumbusho mengi hufungwa siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu. Louvre ni Jumanne. Angalia kabla ya kutoka. Kumweleza mtoto mbele ya lango lililofungwa kwamba "tutakuja kesho" ni adhabu kwenu nyote.

"Watoto hawachoki"

Wanaonekana hivyo kwa sababu hukimbia. Lakini mtoto hukimbia, husimama, huokota kijiti, hukimbia tena. Kinachomvunja ni ule mwendo wetu wa kunyooka, dakika arobaini lami kwa lami, mkono wake umening'inia mkononi mwako. Miguu yake ni mifupi. Hatua yako moja kwake ni mbili, wakati mwingine tatu. Na akichoka hasemi "nimechoka". Anamsukuma ndugu yake. Anakataa soksi. Anataka kitu ambacho dakika tano zilizopita alikikataa.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne kupanda kigari si kudekezwa, wasikutishe wapita njia. Kama ana saa yake ya kulala mchana, ratiba yote ijengwe kuzunguka saa hiyo: mambo mazito yaishe asubuhi mahali panapofunguliwa tu, kabla ya foleni na kabla ya kelele. Baada ya usingizi ni bustani na nyasi, basi. Na ukifika popote, kitu cha kwanza kujua ni choo kilipo, kabla hakijahitajika.

Hapo inaingia dhana nyingine inayopendwa sana, kwamba wamepagawa kwa sababu wamekula sukari. Mwaka 1995 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi yaliyoficha nani kapewa sukari na nani hakupewa, na haukuona kwamba sukari inabadili tabia za watoto. Jaribio la mwaka mmoja kabla ndilo linalonichekesha zaidi. Watafiti waliwaita akina mama 35 na watoto wao wa kiume wa miaka mitano hadi saba, wanawake walioamini kuwa wana wao huharibiwa na sukari. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Nusu ya akina mama wakaambiwa kilikuwa nayo. Hao ndio walioripoti kwamba watoto wamechachamaa, wakawaganda karibu na kuwakosoa zaidi. Sukari ina lawama zake, meno kwa mfano. Ila vurugu za siku ya mtoko zina sababu za karibu zaidi: umati, kukosa usingizi, furaha yenyewe, na mzazi anayeisubiri vurugu ije.

"Bila mashine na bembea za kisasa watazubaa"

Mbunifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, aliona kwamba watoto wanapenda kucheza kwenye mabaki na vifusi vya ujenzi kuliko kwenye viwanja alivyowachorea yeye mwenyewe. Badala ya kununa, alilifuata wazo hilo. Mwaka 1943, vita vikiendelea na nchi imekaliwa na Wajerumani, uwanja wa aina hiyo ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen: mbao, matofali, magurudumu, kamba, koleo. Watoto wajenge watakacho, wabomoe, waanze upya. Uingereza iliiga baada ya vita, na viwanja vya namna hiyo viko mpaka leo.

Sikuambii uwapeleke jalalani. Nakuambia usiuhukumu mji kwa bei ya tiketi zake. Winchi inayoinua nondo kwenye jengo linalojengwa, ukiitazama kupitia tundu la uzio, inaweza kula nusu saa bila mtu kulalamika. Kituo cha zimamoto. Daraja linalopitisha treni chini yake, na dereva akipunga mkono ndiyo Idi yenyewe. Maktaba ya watoto siku ya mvua. Hata makumbusho makubwa hayana kiingilio kila mahali: yale ya Smithsonian yaliyoko Washington huingii kwa tiketi ya kulipia, na makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliondoa kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu kwa watu wote mwaka 2001.

Usafiri nao tunauhesabu kama adha ya kuvumilia hadi tufike. Waulize watoto. Kule London kuna reli ya Docklands iliyofunguliwa mwaka 1987, treni zake hazina chumba cha dereva mbele, na viti vya mbele kabisa hugombewa na watoto, na wababa wachache wanaojifanya wamesindikiza. Kivuko cha Staten Island, New York, hakitozi nauli kwa abiria tangu 1997. Ni dakika 25 za upepo, na Sanamu ya Uhuru unaipita kando. Familia inaweza kwenda na kurudi, ikawa ndiyo safari yote. Kama mji wenu una kivuko, tramu au basi la ghorofa, panda kwa ajili yake lenyewe, na acha mtoto akabidhi tiketi.

"Nimemfundisha asizungumze na mtu asiyemjua, kwa hiyo yuko salama"

Hapa naomba utulie kidogo.

Juni 2005 mvulana wa miaka 11 alipotea siku nne kwenye milima ya Utah, Marekani. Alipopatikana akiwa hai, ilijulikana kwamba aliwahi kuwaona watu wakimtafuta juu ya farasi, akajificha. Alikuwa amefundishwa asizungumze na wageni. Alilitii somo lake barabara.

Sasa lilete somo hilo mjini, ambako kila mtu ni mgeni. Mtoto aliyepotezana nawe hana wa kumwendea isipokuwa asiyemjua. Anachohitaji ni kujua amchague nani: mfanyakazi mwenye sare au kitambulisho kifuani, mtu aliye nyuma ya kaunta, au mama mwenye watoto. Tena yeye ndiye amfuate mtu, asingoje kufuatwa. Asitoke nje ya jengo na mtu yeyote, hata akiambiwa mama yuko nje. Na akigundua tu kwamba hakuoni, asimame papo hapo, maana wawili wanaotafutana wote wakitembea wanaweza kupishana saa nzima.

Wa kwangu wa pili alipotea kwa dakika nne. Nilikuwa nafunga zipu ya mwenzake karibu na ngazi za umeme. Nilipoinuka, hayupo. Nilikimbilia mlangoni kwanza, na bado naona nilifanya sawa: mtu mmoja azibe njia ya kutokea, mwingine atafute ndani. Nikaanza kuita jina lake kwa sauti, aibu niliiacha nyumbani. Mfanyakazi wa mapokezi akaniuliza kavaa nini, nikasahau. Kabisa. Nguo nilizomvalisha mwenyewe asubuhi ile! Tangu siku hiyo nawapiga picha kabla hatujatoka mlangoni, wakiwa wamevaa hivyo watakavyokuwa kutwa, na nambari yangu ya simu naiandika kwa kalamu ndani ya kiwiko cha kila mmoja. Tulimkuta amesimama palepale nyuma ya nguzo, anahesabu ngazi zinazozama.

Mengine mawili, kwa haraka. Siku ya mawingu si siku ya kuacha kofia, kwa kuwa hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, inaweza kupenya mawingu mepesi. Na mtoto wa shule ya msingi anayejua kuimba "tazama kulia, tazama kushoto" bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja. Barabarani mshike mkono hata akikasirika.

Turudi kwa yule baba wa ngazini. Nilikaa karibu naye, watoto wangu wakajiunga kumtazama yule anayelia, kimya kimya, kama watu waliolipia. Kilio kikaanza kupungua chenyewe kwa kuona kina watazamaji. Wa kwangu mdogo akapiga magoti, akachungulia chini ya benchi, akatoka na kiatu. Baba akaikunja ramani, akaitia mfukoni.

Jioni bibi yao aliwauliza kwa simu wameona nini mjini. Ilikuwa siku ya mifupa ya nyangumi, silaha za kale na jiwe lililoanguka kutoka angani. Yule mdogo alikamata simu kwa mikono miwili, akasema: "Bibi, nimepata kiatu!"