Upepo wa Paje Upo. Swali ni Maji Yako Wapi

Kila msimu huletewa lalamiko lilelile, na safari hii limekuja likiwa na hasira ndani yake: iweje mtu aliyeambiwa kwamba Januari ni mwezi wa upepo Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, afike ufukweni saa nne asubuhi na ubao wake wa kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji, begani, aone minazi inayumba, kisha mbele yake pawe na mchanga mtupu uliotanda hadi karibu na mwamba wa matumbawe ulioko mbele ya ufukwe? Mtu huyo hakudanganywa, kwani upepo ulikuwapo. Aliyemshauri alimtajia nusu ya hali ya pwani hii, na nusu aliyoiacha ndiyo ninayoanza nayo kabla sijamruhusu mwanafunzi wangu wa kaiti kugusa kamba.

Upepo nitaupita upesi kwa sababu ndio sehemu nyepesi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na kusi kuanzia Juni hadi Septemba. Ufukwe unatazama mashariki, kwa hiyo kwa anayeikabili bahari kaskazi hutokea kushoto na kusi hutokea kulia, na zote mbili humsukuma mtu kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Hilo ndilo linaloifanya Paje iwafae wanaojifunza: anayeshindwa kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, hatimaye hurudishwa mchangani, akiwa mbali na alipoanzia na amechoka, lakini mzima. Upande wa magharibi wa Unguja kusi hiyohiyo hutoka nchi kavu kwenda baharini, ambako maji ya karibu na ufuko huonekana yametulia na kumvutia mgeni, ilhali ndiko pasipo na cha kumrudisha.

Sasa tuje kwenye maji. Anayeijua pwani hii hahesabu miezi tu, huhesabu pia siku za mwezi wa angani, kama wafanyavyo manahodha wa ngalawa ambao hutoka na maji yanayokupwa na kurudi na maji yanayojaa. Mwezi unapoandama na unapopevuka, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huwa ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na katika ufukwe wenye mteremko mdogo kama huu mita hizo humaanisha mamia ya mita za mchanga uliofunuka. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita 1 na bahari haikauki sana wala haijai sana.

Jambo ambalo wageni wengi hawaamini hadi walione ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Katika Unguja bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita husogeza saa hizo mbele kwa wastani wa dakika 50, hivyo baada ya wiki moja hesabu hugeuka, na katika maji mafu kujaa huangukia saa nne na kupwa saa kumi. Anayefika asubuhi ya bamvua basi amefika katika saa mbaya kuliko zote, na akivumilia hadi saa saba au saa nane atapata maji ya kiunoni. Kaskazi nayo mara nyingi haishiki barabara hadi nchi kavu ipate joto, kwa hiyo upepo na maji hukutana mchana wakati ambapo yeye ameshafunga mizigo yake na kuanza kuandika malalamiko.

Hesabu hii hata hivyo si ya kufuatwa kwa dakika, nami huwashangaa wanaoisoma kana kwamba ni ratiba ya boti ya Dar es Salaam. Jedwali la maji hutengenezwa kwa ajili ya bandari iliyoko upande wa pili wa kisiwa, ilhali maji ya ndani ya mwamba yana tabia yake: huingia na kutoka kwa kupitia milango michache, yaani mianya iliyomo mwambani, mwamba wenyewe huyazuia yasitoke yote, na kusi ikivuma mfululizo huyarundika upande wa ufuko. Jedwali hunipa siku, na saa kwa makadirio. Mengine huyapata kwa kutembea hadi majini nikaone yamefika wapi kwenye muundi wangu.

Kina hiki kidogo ndicho pia kinachoeleza jinsi kaiti ilivyoishinda tanga hapa, historia ambayo watu huipenda ielezwe kwa mitindo ya vijana. Ubao wa tanga, ule ambao Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliombea hataza huko California mwaka 1968 na ambao uliingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, una pezi linaloshuka sentimita 25 hadi 40 au zaidi chini ya maji. Ubao wa kaiti una mapezi mafupi ya sentimita 4 au 5. Ndani ya mwamba wa Paje tofauti hiyo ni ya saa kadhaa za kazi kila siku, kwa maana wa tanga anasubiri maji huku wa kaiti ameshaondoka. Kaiti za kujazwa hewa, ambazo ndugu wawili Wafaransa wa ukoo wa Legaignoux waliziombea hataza mwaka 1984, hazikuishinda tanga hapa kwa sababu ni nzuri zaidi; ziliishinda kwa sababu ya sentimita 30 za maji. Mimi bado napenda tanga, nami huingia nayo siku za maji mafu au jioni za bamvua, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Kuhusu mawimbi nako kuna kosa linalorudiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, simu hulia: wengine wanaogopa kuja, wengine wanataka kuja mbio wateleze. Tangazo hilo ni la bahari kuu. Mwamba huyavunja mawimbi hayo nje, na maji yakiwa yamekupwa ndani hubaki viwimbi tu. Maji yakijaa, sehemu ya nguvu ya mawimbi hupita juu ya mwamba na maji ya ndani huchafuka. Mawimbi ya kuteleza yako mwambani, na upepo mkali mara nyingi huyaharibu kwa kuyavunja kabla hayajasimama vizuri. Anayekwenda huko huchagua maji ya nusu, asubuhi kabla upepo haujakaza, na hukaa mbali na mlango maji yanapokupwa, kwa kuwa hapo mkondo hutoka nje kwa nguvu, na ukikutana na kusi inayoingia huinua mawimbi mafupi yenye kuta, ambayo hayafai kwa ubao wala kwa mwogeleaji.

Jambo la mwisho huniudhi kuliko yote. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake, ambao huingia shambani bamvua inapokupwa, katika saa zilezile ambazo mgeni anasema bahari haipo. Mambo, yaani vijiti, huchomekwa mchangani, kamba hukazwa kati yake, na kila kipande cha mwani hufungwa kwa ugwe mwembamba, kimoja kimoja, kwa mikono. Maji yakipanda nusu, mambo hayaonekani na kamba zinakaa hasa kwenye kina cha pezi. Mtu akipita hapo akazikata, kazi ya siku nyingi huelea na kuondoka, naye atasema hakuona. Atembee basi saa nne asubuhi, mchanga ukiwa wazi, ayaone mashamba yalipo.

Wanaoniuliza juu ya Aprili nawajibu hivi: ni masika, pepo zinabadilishana zamu, na siku mbili tatu nzuri huweza kutokea bila taarifa. Tarehe ya kusi kuanza simtajii mtu, maana kuna miaka hushika mapema na kuna miaka husitasita hadi Juni. Tiketi ya Aprili kwa ajili ya upepo singekata. Mwenye kuja Januari aangalie kalenda ya mwezi kwanza, ndipo aniandikie.