Mvinyo "mkavu" ni mnazi wa jioni

Juzi baada ya zamu weita mpya aliniuliza, "Kaka, kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu?" Nimehudumia mvinyo hapa Malindi miaka mingi, na hilo ndilo neno linalowatatiza watu kuliko yote.

Nilimwambia amfikirie mgema. Mnazi ulioteremshwa asubuhi ni mtamu. Uache mpaka jioni: chachu imekula sukari na kuigeuza kileo, mnazi umekuwa mkali, ule utamu huuoni tena. Zabibu nazo ni vivyo hivyo. Mvinyo ambao sukari yake karibu yote imeliwa ndio huitwa mkavu. Waitaliano wetu husema secco. Haukukauka maji, umekaukiwa na utamu.

Angalia sana lebo za Prosecco, ule mvinyo wa mapovu wa kaskazini-mashariki mwa Italia. Mama mmoja aliagiza iliyoandikwa "Extra Dry" akiamini hakuna kavu kuipita. Alionja mara moja, akanirudishia glasi: "Umeniletea soda." Alikuwa na haki ya kushangaa. Iliyoandikwa "Brut" haizidi gramu 12 za sukari kwa lita, "Extra Dry" ina 12 hadi 17, na "Dry" peke yake hufika 32! Anayetaka kavu aombe Brut.

Basi kile kinachokausha ulimi ni nini? Ni tanini, na sisi tuna neno lake zuri zaidi: ukakasi. Tafuna bibo, au ndizi mbichi, usikie ulimi unavyokwaruza na ufizi unavyojikunja. Tanini hushikana na protini za mate, utelezi ukaondoka. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, pia kwenye mapipa ya mwaloni. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo.

Wakisema mvinyo una mwili, wanasema uzito wake kinywani. Tui zito na tui jepesi, basi.

Na mvinyo "wenye kizibo" ni ule uliochafuliwa na kizibo chake, ukanuka boksi lililolowa mvua. Ukiunusa hivyo, mwite weita, akubadilishie chupa. Vipande vya kizibo vinavyoelea havina neno. Vitoe kwa kijiko, unywe.