Je, wajua kwa nini jiji likibadili mpangaji wa kituo cha watoto, leseni haibaki na jengo?

Katika miji mingi ya California, Marekani, jengo la kituo cha jamii ni mali ya jiji, lakini watoto wanaoshinda humo hawalelewi na jiji. Vyumba hupangishwa kwa shirika au kampuni ya malezi, na wazazi humlipa ada mwendeshaji huyo. Mkataba unapokaribia kwisha, baraza la madiwani huamua: liongeze muda, au litangaze zabuni na pengine lilete mwingine?

Mpangilio huu una historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali kuu iligharamia vituo vya malezi ili akina mama waende viwandani. Pale Richmond, California, vilihudumia familia za wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Kaiser. Fedha hizo zilikoma mwaka 1946. Mwaka 1971 Rais Nixon alikataa kutia saini muswada wa malezi ya watoto kwa nchi nzima. Malezi yakabaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watoa huduma binafsi na mashirika, na jiji likabaki mwenye nyumba.

Ndiyo maana watu hulifikiria suala hili kama fremu ya duka. Muuza viatu akihama, muuza simu anapaka rangi, anatundika bango, anafungua. Kwa nini chumba chenye viti vidogo na vyoo vifupi kisimpokee mlezi mpya vivyo hivyo? Kwa sababu leseni haikupewa chumba. Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo humpa leseni mwendeshaji fulani, kwa anwani fulani. Haiuzwi, haiachiwi mrithi, wala haihamishwi. Mwendeshaji akiondoka, imekwisha. Akitaka kwenda nayo mtaa wa pili, imekwisha pia. Anayeingia anaanza na maombi yake mwenyewe: kibali cha zimamoto, ukaguzi kabla ya kufungua, sifa za mkuu wa kituo. Viti vyote vinaweza kuwa mahali pake na bado hakuna mtoto anayeruhusiwa kukalia hata kimoja.

Tena idadi ya watoto haitokani na matakwa ya mtu. Inapimwa kwa futi kamba. Kila mtoto ndani anastahili futi za mraba 35, yaani kama mita za mraba 3.25, na nje futi za mraba 75, karibu mita za mraba 7. Korido, vyoo, jikoni, ofisi, stoo na kona ya kumtenga mtoto mgonjwa havihesabiwi. Sakafu iliyo chini ya meza za watoto inahesabiwa, kwa kuwa meza ni sehemu ya shughuli zao. Chumba chenye mita za mraba 100 zinazohesabika kinabeba watoto 30, si zaidi. Hao wanahitaji vyoo 2, kwa kuwa choo kimoja na sinki lake ni kwa watoto 15, pamoja na uwanja wa mita za mraba 210 wenye uzio wa kimo kisichopungua futi 4. Uwanja ukiwa mdogo, idara inaweza kukubali makundi yapokezane.

Baada ya sakafu yanafuata macho ya walezi. Kwa watoto wa chekechea, mwalimu 1 anaweza kusimamia 12. Kwa wachanga, mlezi 1 kwa 4. Kwa hiyo watoto 12 wa chekechea wanahitaji mshahara mmoja, wachanga 12 wanahitaji mitatu. Mzazi mwenye mtoto wa miezi minane ana haki ya kuwa na wasiwasi kuliko wote katika ukumbi wa baraza: mwendeshaji mpya anaweza kuomba leseni ya chekechea peke yake, na chumba kikaendelea kuitwa kituo cha watoto bila nafasi ya mwanawe.

Hapo wazazi huuliza kwa nini jiji lihangaike na zabuni ilhali walezi wanapendwa, na jibu la haraka huwa kwamba madiwani wanatafuta pango kubwa. Pengine mahali fulani ni hivyo. Lakini katiba ya jimbo inakataza kugawa bure mali ya umma. Mahakama hukubali pango la chini pale penye manufaa ya umma, na malezi yanaweza kuhesabiwa hivyo. Ila jiji lazima liweze kuonyesha manufaa hayo, na zabuni ya wazi ni njia mojawapo.

Kuna kitu kimoja kinachohama kwa urahisi kuliko leseni, nacho husahaulika: mlezi mwenyewe. Kila mfanyakazi huchukuliwa alama za vidole ili rekodi yake ya jinai ichunguzwe, na kibali hicho kinaweza kuombewa uhamisho kwenda kwa mwajiri mwingine mwenye leseni. Mwalimu ambaye mtoto amemzoea anaweza kubaki chumba kilekile chini ya mwendeshaji mpya, endapo ataajiriwa. Na mahali pa kuliuliza hilo papo: sheria ya California ya vikao vya wazi ya 1953, iitwayo Brown Act, inataka ajenda ya kikao cha kawaida cha baraza itangazwe saa 72 kabla, na wananchi wapewe nafasi ya kusema. Kwa mzazi anayeshika maikrofoni, swali la kwanza kwa kila mwombaji liwe hili: walimu waliopo mtawapa kazi, na kwa mshahara gani?