Kosa dogo humfichua mhalifu sugu

Januari 1981, mjini Sheffield, Uingereza, polisi wa doria walilitilia shaka gari lililoegeshwa gizani. Kukagua namba, kumbe ni za gari jingine. Dereva akakamatwa kwa kosa hilo tu. Alipohojiwa siku zilizofuata, Peter Sutcliffe akakiri kuwa ndiye muuaji wa wanawake aliyesakwa kwa miaka mingi.

Wataalamu wa masuala ya uhalifu Jason Roach na Ken Pease wamelichambua jambo hili kwa kina: anayevunja sheria kubwa kwa kawaida hajali hata ndogo. Utafiti uliofanywa mjini Huddersfield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1999 uliangalia magari yaliyoegeshwa bila haki kwenye nafasi za walemavu. Takriban moja kati ya matano lilikuwa na jambo la kuwashtua polisi papo hapo. Kwa yaliyoegeshwa kihalali, ni asilimia 2 hivi.

Uingereza ilipowafungia watu majumbani Machi 2020 kwa sababu ya korona, kutoka nje bila sababu kukawa kosa dogo jipya. Wengi walitoka kwa upweke au shida. Muuza dawa za kulevya naye alitoka, maana biashara yake haisubiri.

Hapa Kigoma hatukufungiwa. Lakini ziwa na mpaka vinatupa mitihani yetu. Kipindupindu kikizuka, kama kilivyozuka kijijini Kagunga mwaka 2015, vituo vya ukaguzi wa afya huwekwa, na wapo wanaovikwepa kwa njia za panya. Mmoja anaogopa kutengwa na wanawe. Mwingine amebeba silaha. Kosa ni lile lile, na ndiyo maana polisi anapaswa kuuliza maswali machache zaidi kabla hajahukumu.

Naomba hili lieleweke vizuri: muuguzi asigeuzwe askari. Watu wakihisi ndoo ya kunawia mikono ni mtego, wataficha wagonjwa, na ugonjwa utaua wengi kuliko jambazi yeyote.

Uzuri wa njia hii ya kuanzia kosa dogo ni kwamba inatazama tendo. Haijali kama mtu ni Muha, Mrundi au Mkongo, wala kama anatoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kumshuku mtu kwa lafudhi yake ni dhuluma, tena huwapotezea polisi muda.

Ukiona bodaboda isiyo na namba ikipakia mizigo usiku Kibirizi, au boti inayozima taa kila doria inapokaribia, kumbuka saa, rangi na mwelekeo, kisha umwarifu polisi kata au mwenyekiti wa mtaa. Usimzingire mtu, usimpekue. Huenda ni mvuvi aliyeishiwa betri.