Nije Kilombero mwezi gani? Kwanza uliza maji yapo wapi

Wanaotaka kuja kutembea Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, karibu wote huanza na swali moja: "Nije mwezi gani?" Mara nyingi muulizaji ameshaambiwa kwamba nafasi ni Juni hadi Oktoba tu, na kwamba masika ni ya wakulima na vyura. Sikubaliani na hilo. Bonde hili halina msimu wa kufungwa. Kinachobadilika ni maji, nayo ndiyo yanayoamua kama utapanda mlima, utapanda mtumbwi, au utakaa barazani ukisikiliza mvua ikipiga bati.

Milima ya Udzungwa imesimama kaskazini-magharibi mwa bonde kama ukuta. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiufikia ukuta huo hupanda, hupoa na kuangusha mvua upande wa Mang'ula na Sanje. Vuka mlima uende upande wa Ruaha, utakuta nchi kavu ya mibuyu na miiba. Mvua hiyo ya upande wa mashariki ndiyo inayolisha msitu ulioshikana kuanzia tambarare hadi vilele vya juu, kisha inateremka kwenye mto Kilombero. Mto huo peke yake huupa Rufiji takriban asilimia 60 ya maji yake.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake huzungushwi na gari. Ni miguu yako. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kwa barabara: ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu na kushika ya Kidatu. Anayependa reli anaweza kuja na treni ya TAZARA, ambayo hupita katikati ya Hifadhi ya Nyerere kabla ya kufika Mang'ula, liliko lango la Udzungwa. Langoni viingilio havipokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo jiandae na kadi au simu.

Wengi huja kwa ajili ya maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170 kwa ngazi. Njia yake humaliza nusu siku, ukiwa na mwongozaji. Kiangazi utapanda bila kuteleza na utaoga kwenye dimbwi la juu kwa raha, ila maji yenyewe yatakuwa yamepungua. Masika ni kinyume chake: njia ni tope na mizizi inateleza, lakini mngurumo unausikia kabla hujayaona maporomoko, na manyunyu yanakulowanisha ukiwa bado mbali.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya. Mvua ya mlimani haikuulizi kama kwako kuna jua. Unaweza kuwa unaoga chini ya anga la buluu kumbe juu kunanyesha saa nzima. Angalia maji. Yakianza kugeuka rangi ya chai, yakileta majani na vijiti ambavyo dakika tano zilizopita havikuwepo, toka. Usisubiri kumalizia picha. Na sabuni iache begini: vijito hivi vikitoka msituni vinaingia moja kwa moja kwenye ndoo za watu wa vijijini.

Njiani nyamaza kidogo. Mwaka 1979 watafiti walisikia msituni huku mlio wa nyani wasiyemjua, wakaja kumtangaza kwa dunia kama aina mpya kwa jina la Sanje. Kwa wenyeji hakuwa mpya hata kidogo. Walikuwa na jina lake, ng'olaga. Hutembea kwa makundi, muda mwingi chini ardhini, na mwezi wowote unaweza kukutana naye. Siafu nao hawana msimu, ingawa mvua huwazidisha njiani. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukiona mstari mweusi unatembea, vuka kwa hatua ndefu bila kusimama kuwashangaa.

Tambarare ina mambo yake. Mwaka 2002 ardhioevu ya bonde iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilomita za mraba 8,000, na wakati huo ilitajwa kuwa na takriban robo tatu ya sheshe (aina ya swala wa ardhioevu) wote duniani. Leo wamepungua sana kwa sababu ya ujangili, mifugo na mashamba, hivyo asikuahidi mtu makundi makubwa. Ndege ndio hawamwangushi mgeni. Kwenye matete karibu na daraja la Ifakara yupo kwera wa Kilombero, ndege wa manjano aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 tu, na haishi kokote nje ya bonde hili. Kuanzia Novemba huongezeka wageni wenye mabawa wanaokimbia baridi ya Ulaya.

Mtumbwini, mwache Mndamba ashike upondo. Watu hawa wamezaliwa na mto na wanajua kiboko alipolala. Wewe vaa jaketi okozi, kaa chini, mikono ndani. Kiangazi mto umejikunyata na viboko wamebanana kwenye madimbwi machache, kwa hiyo hakuna kuwasogelea ili "wapigwe picha vizuri". Mamba wapo mwaka mzima. Maji yaliyotulia, ya majaruba na mabwawa, usiyaingie miguu mitupu: kichocho hakioni mgeni. Malaria vilevile. Muone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na ulale ndani ya chandarua hata kama mwenyeji wako anakuhakikishia kwamba mbu hawapo.

Ukinibana nichague, nitasema mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Sanje bado imejaa, njia zinakauka, asubuhi ina baridi nzuri, na mashambani watu wanavuna mpunga. Teremka mtoni uangalie mashina ya miti: utaona mstari wa tope lililokauka, juu ya kichwa chako. Hapo ndipo mitumbwi ilikuwa ikipita mwezi Aprili.