Kompyuta kugoma kuwaka si lazima iwe virusi

Huku Mtwara wengi huamini kwamba kompyuta ya mezani inayowaka leo na kugoma kesho ina virusi, basi inapigwa Windows (programu kuu inayoiendesha) upya. Lakini Windows, ambamo kwa kawaida virusi hukaa, husomwa kutoka kwenye diski baada ya mashine kujikagua. Ikikwama kabla ya hapo, yaani feni zinazunguka na skrini ni nyeusi, anza kushuku umeme, pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) au RAM (kibao cha kumbukumbu ya muda). Upepo wa bahari una unyevu na chumvi, na miguu ya RAM, yaani vibati vinavyong'aa ukingoni mwake, hushika uchafu. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua miguu hiyo taratibu kwa kifutio safi, irudishe mpaka vibanio vijifunge. Mara nyingi hiyo inatosha. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila umeme ukichomolewa, pima betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa. Mpya huwa na volti 3 hivi. Pawasaplai usiifungue: hubaki na umeme hata ikichomolewa.