"Who", "which" na "that": makatazo yasiyo na mizizi

Mwanafunzi wa Kiingereza huanza na kanuni fupi: "who" ya watu, "which" ya vitu. Baadaye huongezewa makatazo, na mengi hayana msingi.

Dhana: "That" haitumiki kwa mtu.
Ukweli: "The woman that called you" ni Kiingereza sahihi. Mpaka kati ya watu na vitu umewahi kuhama: Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema "Our Father which art in heaven", wala Mungu hakufanywa kitu. Leo ni hiyo "which" isiyokubalika kwa mtu.

Dhana: "Whose" ni ya watu tu.
Ukweli: "A house whose roof leaks" haina kasoro. Anayeikwepa huishia kwenye "the roof of which", mzigo wa bure.

Dhana: "Which" bila koma ni kosa.
Ukweli: Hii ina mwenyewe. Mwingereza H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alipendekeza "that" ibainishe ni kitu kipi, na "which", ikitanguliwa na koma, iongeze maelezo tu. Alikiri mwenyewe kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawakufanya hivyo. Wahariri wengi wa Marekani wakalichukua pendekezo kama sheria. Waingereza wengi bado huandika "the letter which came yesterday" bila wasiwasi. Sheria yenye nguvu iko upande wa pili: baada ya koma ya namna hii, "that" haikai. Na koma hiyo si pambo. "My brother who lives in Tanga" huashiria ndugu kadhaa, nami namtaja wa Tanga. "My brother, who lives in Tanga," ndugu ni mmoja.

Dhana: "Whom" ni "who" yenye adabu.
Ukweli: Hutumika kwa anayetendwa, au baada ya kihusishi. "The candidate whom we believe will win" ni kosa la watu wanaojitahidi mno: mgombea huyo ndiye atakayeshinda, kwa hiyo ni "who".

Kosa letu hasa, sisi wa Kiswahili, liko kwingine: "The book which I bought it." Kwetu "nilichokinunua" inakubali -cho- na -ki- pamoja, Kiingereza hakiitaki hiyo "it". Nimeona madaftari ambamo "which" imekatwa kwa wino mwekundu ikawekwa "that", na "it" ikaachwa ipite.